Mzee wa Kwenye Bango

Habari aliileta Wakili, na kama kawaida yake aliileta akiwa amesimama, maana anaamini habari ikisemwa na mtu aliyekaa inapungua uzito. Huyu Wakili hajasomea sheria hata siku moja. Anauza makava ya simu kwenye kimeza karibu na lango la chuo, ila hajawahi kuuona ubishi akaupisha, na jina likamganda. Asubuhi hiyo alikitelekeza kimeza chake, akavuka barabara hadi kwenye benchi la kahawa la Shangazi, akakunja mikono kifuani na kusubiri aulizwe.

Hakuulizwa. Shangazi alikuwa anapuliza mkaa. Pampu, fundi baiskeli ambaye karakana yake yote ni ncha ya benchi hilohilo, alikuwa amezamisha tyubu kwenye beseni la maji akitafuta tundu. Rangi, binti wa kaka yake Shangazi, alikuwa anakunywa kahawa harakaharaka kabla bosi wake hajafungua duka la uchapishaji lililo mlango wa pili. Yeye ndiye msanifu wa duka hilo, na anaitwa Rangi kwa sababu vidole vyake havijawahi kuonekana vikiwa visafi.

"Chuoni hakukaliki," Wakili akasema mwenyewe alipochoka kusubiri. "Wanafunzi wa milimani na wanafunzi wa bondeni nusura wakunjane mashati. Wanagombea mtu."

"Msichana," Shangazi akasema bila kugeuka.

"Mzee."

"Mzee gani wa kugombewa siku hizi?"

Wakili akamnyooshea kidole Pampu. "Huyo hapo, mwenye beseni."

Pampu akainua uso taratibu, maji yakimchuruzika viwikoni. Akauliza amefanya nini tena, maana mara ya mwisho kunyooshewa kidole ni pale baiskeli ya mlinzi ilipopasuka tairi mbele ya mkuu wa chuo.

"Hujafanya kitu, mzee wangu. Umetundikwa tu. Tazama pale."

Wote wakatazama ng'ambo. Juu ya lango la chuo, pale ambapo jana palikuwa na waya tupu, kulikuwa na bango pana kama ukuta wa nyumba. Na kwenye bango alikuwemo Pampu, amejifunika kitambaa cha kahawia chenye madoa ya njano, pete zimepangana begani, mkononi ameshika fimbo, macho ameyapeleka mbali kama mtu anayeyaona ya kesho. Chini yake maandishi yalisema: SIKU YA UTAMADUNI. CHETU, FAHARI YETU.

"Binti," Pampu akamgeukia Rangi, "si uliniambia ni karatasi ndogo?"

Rangi akasema ilikuwa karatasi ndogo kweli, ila kamati iliipenda, ikakua.

Wakili akaendelea kumwaga. Wa milimani wanasema kitambaa hicho huvaliwa na wazee wao peke yao, tena wakubwa. Wa bondeni wanasema wa milimani ni wezi wa mchana kweupe, kitambaa ni cha kwao na mzee ni wa kwao, wamemjua kwa pua.

Pampu akaishika pua yake kana kwamba anahakikisha bado ipo. "Mimi nimezaliwa nyuma ya stendi ya mabasi," akasema. "Huko milimani na huko bondeni napasikia kwa makondakta."

Shangazi alikuwa bado anatazama ng'ambo. Alikuwa ameacha kupuliza, kipepeo cha mkaa kimesimama mkononi, jicho moja amelifinya akilitazama bango. Halafu akasema polepole, "Hebu ngojeni kwanza. Lile si pazia langu la chumbani?"

Sasa wote wakamgeukia Rangi.

Ili mtu asimhukumu huyu binti bure, inabidi ajue kamati ilivyomtesa. Kazi hiyo ya matangazo ya Siku ya Utamaduni ndiyo iliyokuwa mtihani wake. Bosi alishamwambia: ikipita, meza ya usanifu ni yako moja kwa moja; ikikwama, rudi ukamwoshee shangazi yako vikombe. Mwenyekiti wa kamati, mwanafunzi anayefunga tai hata siku ya kufua, alimhakikishia kazi ni nyepesi, vipeperushi, fulana na bango moja tu.

Rangi akachora ngoma. Ikarudi: ngoma ya umbo hilo ni ya bondeni, wa milimani watasusa. Akachora nyumba ya nyasi. Ikarudi: wageni watadhani chuo hakina mabati. Akachora mkuki. Ikarudi haraka kuliko zote, kwa sababu mfadhili wa sherehe ni kampuni ya bima na hapendi vitu vyenye ncha. Akachora mikono miwili inayoshikana, kamati ikakaa kikao kizima ikijadili mkono wa nani uwe juu. Mwisho ukaingia ujumbe kwenye simu, na Rangi akausoma kwa sauti pale benchini huku machozi yakimlengalenga: picha ionyeshe utamaduni wa watu wote, lakini usiwe wa mtu yeyote.

Kijiwe kizima kilijitahidi kumsaidia. Wakili alishauri apeleke karatasi nyeupe. Shangazi akasema wataiita kikaoni waulize ni nyeupe ya nani. Wakiwa katikati ya ubishi huo, mvua ikashuka bila hodi, na Pampu akakimbilia barabarani kuokoa baiskeli ya mteja. Aliporudi meno yalikuwa yanagongana. Shangazi akanyoosha mkono kwenye kamba iliyo chini ya upenu, akachomoa nguo ya kwanza aliyoigusa, akamrushia asije akawakoholea wateja. Pampu akajifunika, akaegemea ile pampu yake ndefu ya kusimama yenye mpini wa mbao, akakodoa macho mwisho wa barabara ambako mwanafunzi mmoja alikuwa anakokota baiskeli. Alikuwa anaomba moyoni iwe pancha.

Rangi akatoa simu.

Usiku wake aliukata mpira wa pampu kwenye kompyuta, akasafisha beseni lililokuwa nyuma, akatuma. Mwenyekiti alijibu hapohapo: "Hatimaye umetuelewa."

Hakuiba picha ya mtu. Alimwomba Pampu ruhusa, na Pampu alikubali kwa sharti moja. "Sitaki kitu," alisema, "nataka kiti. Miaka yote niliyokaa hapa, ikifika siku ile nasikia makofi ndani ya ukuta ule, yanapigwa mpaka nayaonea wivu. Sijawahi kujua wanapigia nini. Nikikaribia lango mlinzi ananiuliza nimeleta baiskeli ya nani. Niwekeeni kiti, nikaone." Rangi alimpelekea mwenyekiti sharti hilo, na mwenyekiti akaahidi kwa mdomo wake kwamba mzee wa kwenye picha atakaa mstari wa mbele, karibu na mgeni rasmi. Tangu hapo Pampu alikuwa anaiuliza tarehe kila asubuhi, na kila asubuhi Rangi alimjibu.

Lakini la pazia hakumwambia mtu, na sasa lilikuwa limetandazwa juu ya barabara nzima.

"Chumba changu," Shangazi akasema. "Chuo kizima kinatazama chumba changu."

"Hapa kuna kesi tatu," Wakili akaanza, akikunjua vidole. "Ya kwanza, pazia kutoka nje bila idhini ya dirisha."

Rangi akamshika shangazi yake mkono. Akamweleza, safari hii bila utani, kwamba bosi alikuwa amempa ile meza jana jioni, na ameshaketi kwenye kiti chake cha ofisini chenye magurudumu. Wakijua ni pazia watarudisha fulana zote, watashusha bango, na yeye atafuata bango. Akamsihi anyamaze tu mpaka sherehe ipite.

Shangazi alimpenda binti huyo kuliko alivyopenda kulalamika, na hilo si jambo dogo. Akakubali. "Ila niambie kitu kimoja. Wanaona nini pale?"

Hapo Wakili akasahau kesi zake, kwa kuwa alikuwa amebakiza habari tamu. Profesa wa mila, yule mwenye miwani ya kamba, alikuwa ametoa mhadhara mzima jana ukumbini, kipeperushi mkononi, kuhusu kitambaa hicho. Alisema rangi ya kahawia ni udongo tuliotoka. Madoa ya njano ni mvua za kwanza. Na zile pete za begani, kila moja ni kizazi.

"Madoa ni dawa ya kufulia," Shangazi akasema. "Ilinimwagikia. Nikalia."

"Profesa kasema vilevile kuna machozi ndani yake."

Pampu alicheka mpaka akalipoteza lile tundu alilokuwa amelipata. Shangazi naye akashindwa kujizuia, akacheka huku anamtukana. Rangi peke yake ndiye aliyecheka nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa inasali.

Siku zilizofuata mambo yalizidi kunoga na kutisha kwa pamoja. Kamati ilitangaza kwamba kwa kuwa kila upande umekubali kitambaa ni cha kwake, basi hakuna ubaguzi, kila atakayeingia ukumbini akivae. Maduka ya mapazia mjini yakaishiwa. Wasichana wa mabweni wakaamka asubuhi wakakuta madirisha yao yako wazi. Bosi wa Rangi alijishonea suti. Wakili, aliyekuwa na kesi tatu asubuhi ile, alionekana jioni akipanga mezani makava ya simu ya kahawia yenye madoa ya njano, na alipoulizwa akasema sheria ina njia nyingi za kumtetea mnyonge.

Siku ya sherehe ikafika, na Pampu hakufungua kazi. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe, koti la kuazima na viatu vinavyong'aa. Grisi ya kwenye kucha alikuwa ameisugua kwa mchanga hadi vidole vikawa vyekundu. Shangazi akamrekebisha kola, akamwambia amependeza, naye akajibu kwamba anajiona kama bwana harusi.

Rangi akamsindikiza kuvuka barabara. Langoni kulikuwa na foleni ya watu, wote mapazia matupu, na mlinzi alikuwa anawapitisha mmoja mmoja. Alipomfikia Pampu akaweka mkono mbele.

"Leo wanaingia waliovaa utamaduni tu, mzee."

Pampu aliinua kidole akaonyesha juu ya kichwa cha mlinzi. Mlinzi akalitazama bango, akamtazama Pampu, akalitazama bango tena.

"Yule namheshimu," akasema. "Wewe nakufahamu. Juzi ulinijazia upepo."

Watu waliokuwa nyuma wakaanza kuguna. Rangi akaomba aitwe mwenyekiti, na mwenyekiti akaja na tai yake juu ya pazia, akifuatana na Profesa, wote wawili wana jasho, kwani mgeni rasmi alishaketi na alikuwa anamuulizia mzee. Rangi akawaambia mzee ndiye huyu. Mwenyekiti akamkagua Pampu kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye kola, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dada, yule wa kwenye picha ana macho ya hekima."

Bosi wa Rangi alikuwa pale pale kwenye foleni, ndani ya suti yake mpya ya dirisha, na sikio lake lilikuwa limeelekea upande huo. Rangi alimwona. Pampu naye akamwona, akamvuta Rangi pembeni kidogo.

"Basi, mwanangu, turudi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nitasikilizia kule kule benchini. Nimeshazoea. Usijiharibie kazi kwa ajili ya kiti."

Alisema hivyo na huku ameshageuka nusu, akizificha zile kucha zake nyekundu ndani ya mifuko ya koti la kuazima. Rangi aliziona zinavyozama, na moyo ukamuuma kiasi cha kumtoa woga wote. Akarudi mbele ya foleni.

"Lile ni pazia," akasema, na akasema kwa sauti. "Pazia la chumbani kwa shangazi yangu. Madoa ni dawa ya kufulia. Ile fimbo ni pampu ya baiskeli, mpira wake nimeukata mwenyewe kwenye kompyuta. Na huyu ndiye mzee wenu, alikuwa ameloa mvua. Mlimwahidi kiti, mpeni kiti chake."

Watu wakawa wanajitazama kifuani. Rangi akasubiri kelele, akasubiri sauti ya bosi, na kwa kweli alishaanza kuhesabu moyoni vikombe atakavyoosha.

Profesa ndiye aliyejibu, na alijibu kwa tabasamu la upole. "Binti yangu," akasema, "hili ndilo tatizo la vijana wa leo. Wanaona aibu kwa kilicho chao, wanakiita pazia. Kitambaa hiki mimi nimekiandikia makala."

Foleni ikapumua. Mtu mmoja akapiga makofi. Mwenyekiti akamwambia Rangi kwa upole vilevile kwamba kazi imemchosha, akapumzike, na Rangi akaona ukweli alishautoa wote na umerudishwa kama zile ngoma na mikuki.

Ndipo kule ng'ambo ikasikika sauti ya vyuma vikigongana. Ni Shangazi, anavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, magari yanamsimamia, pazia ameling'oa na kulitupia begani, mkono mwingine anaburuta ile pampu. Alikuwa ameona kila kitu kutoka benchini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyevumilia vya kutosha. Hakumsalimia mtu. Akalifunua pazia kwa mkupuo mmoja na kumtupia Pampu mabegani, pete zikalia.

"Jifunike," akamwambia, "usije ukawakoholea watu."

Akamshikisha pampu mkononi. Pampu, aliyekuwa amechoka na mambo ya langoni, akaiegemea, akayapeleka macho mbali ng'ambo ya barabara kulikotulia beseni lake, akitamani angekuwa ameketi kando yake.

Mlinzi akabana visigino akapiga saluti. Mwenyekiti akapiga goti moja kabla hajajua anafanya nini. "Shikamoo, mzee wetu," akasema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Marahaba," Pampu akaitika, maana salamu ni salamu.

"Sikilizeni," Profesa akawaambia watu, mkono ameuinua. "Sikilizeni vizazi vinavyoitana." Pete zikalia tena Pampu alipojikuna. Halafu macho ya Profesa yakatua kwenye ule mpira mweusi uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye pampu mpaka chini. Akauangalia kwa muda. Wote wakamsubiri, hata Rangi.

"Kitovu," akasema.

Foleni ikasema "Aaa" kwa pamoja. Pampu akaongozwa ndani kwa kushikwa viwiko vyote viwili, na lile lango ambalo miaka yote lilimuuliza baiskeli ya nani likafunguliwa pande zote. Bosi akampita Rangi karibu, akamnong'oneza sikioni, "Hicho kitovu ulikikata kwa nini? Mwaka ujao kionekane." Akaingia. Hivyo ndivyo Rangi alivyobaki na meza yake, na mpaka leo hajui afurahi au ajifungie ndani.

Mchana wote kijiwe kilikaa kikitazama ukuta. Wakili, aliyeuza makava yote, alikuwa na nafasi ya kuchambua, akasema kisheria Rangi amekiri mbele ya mashahidi na amekataliwa hatia, jambo ambalo yeye hajapata kulisikia. Shangazi akamwambia anyamaze. Ndani ya ukuta makofi yalianza, yakapanda, yakatulia, yakapanda tena kuliko mwaka wowote. Rangi alikuwa anajikuta anatabasamu kila yanapopanda, akiwaza kwamba safari hii yule mzee yuko upande wa pili wa ukuta, ameketi, anaona.

Jua lilipoanza kulegea lango likafunguka, na Pampu akatoka peke yake, pazia begani, pampu mkononi. Alivuka polepole. Watu waliompita walikuwa wanainamisha vichwa, naye alikuwa anawaitikia mmoja mmoja kwa adabu. Akafika benchini, akaketi kwenye ncha yake, akavua viatu na kuunyoosha mguu.

"Enhe?" Shangazi akasema.

"Wamenikalisha mbele. Kiti kina mto."

"Na chakula?"

"Kipo. Mgeni rasmi alinikatia nyama mwenyewe, eti mzee wa hadhi yangu hashiki kisu."

Shangazi akammiminia kahawa. Rangi akasogea karibu, kwa sababu lile swali alikuwa amelibeba mchana kutwa na hakutaka Wakili amtangulie.

"Na makofi, baba? Umeona wanapigia nini?"

Pampu alikunywa funda moja kwanza, akakiweka kikombe chini. Akalivua lile pazia, akalikunja kwa uangalifu mara mbili, pete zikilia, akalilaza mapajani kwa Shangazi.

"Wanapigia dirisha lako, Shangazi," akasema. "Na mimi nimepiga mpaka mikono inauma."